Pa Kushukia Ugogo: Kupanga Safari ya Kujitegemea Kuanzia Buigiri

Safari ya kujitegemea, yaani ile ambayo msafiri hainunui kwa kampuni ya utalii bali anapanga mwenyewe njia, usafiri, malazi na chakula, ni nyepesi katika uwanda wa kati wa Tanzania kuliko sehemu nyingi za nchi. Barabara kuu ni za lami, reli ziko mbili, gesti hazikosekani hata katika miji midogo, na vivutio vyenyewe havimlazimu mtu kukodi gari la bei mbaya. Tatizo lake ni jingine. Uwanda huu unapitika vizuri mno, kiasi kwamba watu huupita tu. Basi la Mwanza au la Kigoma likitoka Dar es Salaam hukatiza Kibaigwa, Chalinze Nyama na Buigiri, likaingia Dodoma, likaondoka, na abiria aliyesinzia akaja kushtukia yuko Manyoni. Kwa hiyo anayepanga safari ya huku asihangaike sana na namna ya kufika. Ajiulize kwanza atashukia wapi.

Buigiri panafaa. Pako wilayani Chamwino, kilomita zipatazo 35 mashariki mwa jiji la Dodoma, kandokando ya barabara kuu itokayo Morogoro. Anayepita kwa basi huona vibanda vya chai, maduka ya rejareja na kijiwe cha bodaboda. Anayeshuka anakuta sehemu yenye misheni ya Kianglikana ya siku nyingi, na shule ambayo jina lake linafahamika nchi nzima kwa walimu wa elimu maalumu: Shule ya Msingi ya Wasioona Buigiri, iliyoanzishwa na Kanisa Anglikana mwaka 1950, ya kwanza ya aina yake Tanganyika. Macho yana historia ndefu Ugogo. Trakoma, ugonjwa unaoenezwa kwa mikono, nguo na nzi na kupofusha taratibu kwa miaka mingi, ulikuwa umeota mizizi katika nchi hii yenye maji haba. Hospitali ya Mvumi, kusini mashariki mwa Dodoma, ilijijengea jina kwa tiba ya macho, na wilaya jirani ya Kongwa ikawa tangu miaka ya 1980 mahali pa utafiti uliosomwa duniani kote, uliotazama hata jambo dogo kama kumnawisha mtoto uso kila siku. Shule yenyewe si kivutio cha kupigia picha. Mwenye sababu ya kufika, kwa mfano mwalimu au mtu anayetaka kusaidia vifaa vya nukta nundu, humwandikia mwalimu mkuu mapema na kuuliza kinachohitajika, badala ya kutokea getini na mfuko wa pipi.

Jirani na Buigiri ni Chamwino. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma iliyowakusanya Wagogo katika vijiji vya ujamaa, Mwalimu Julius Nyerere alikuja kuishi hapa kwa muda na kushiriki kwa mikono yake kazi ya kujenga kijiji. Makazi ya rais yakabaki, na mahali pakaitwa Chamwino Ikulu. Jengo jipya la Ikulu lilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 20 Mei 2023. Kwa msafiri, maana yake ni ya kawaida kabisa: hapa pana ulinzi, kamera haielekezwi getini wala kwenye uzio, na mwenye droni aiache nyumbani.

La kufuata Chamwino ni muziki. Wagogo ni miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki waliohifadhi uimbaji wa sauti nyingi kwa wakati mmoja, kila kundi likishika njia yake na zote zikikutana bila mtu kupiga fimbo ya kuongozea. Katika muheme wapigaji ni wanawake: ngoma nyembamba kiunoni na pana kwenye ncha hubanwa katikati ya mapaja, mpigaji akiwa amesimama, huku ushanga na njuga vikifuata mwendo wa mwili. Wanaume wana zeze na marimba ya mkononi yenye vijiti vya chuma. Hukwe Zawose, mwana wa mkoa huu aliyefariki mwaka 2003, alitoka na vyombo hivyo akafika navyo Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na kutoka hapo majukwaa ya Ulaya na Japani. Kituo cha sanaa kilichopo Chamwino huandaa Tamasha la Muziki wa Wagogo, mara nyingi mwezi Julai, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani. Anayeweza kuipanga safari yake yote kuzunguka tarehe za tamasha hilo asisite. Ukifika wakati mwingine, muziki utausikia harusini, jandoni au kanisani, ila si kwa kuuagiza.

Kitu cha pili cha kutazama kwa karibu ni zabibu. Wengi wanajua kwamba Dodoma hulima zabibu, lakini ni wachache waliowahi kuingia shambani. Huko Chinangali, katika wilaya hiihii, mizabibu imepandwa kwa mistari mirefu na kuegemezwa kwenye nguzo na nyaya, matawi yakitandazwa kama kamba za kuanikia nguo. Chini, mpira mweusi wenye vitundu hudondosha maji kwenye shina moja moja, maana umwagiliaji wa kumwaga ungemaliza kisima. Makutupora Red, aina nyekundu iliyozoea nchi hii, na Chenin Blanc, nyeupe ya asili ya Ufaransa, ndizo zinazokwenda zaidi viwandani. Kwa sababu hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima anayekata matawi kwa wakati huvuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno makubwa huangukia karibu na Agosti na Septemba. Mwenye shamba kwa kawaida hakatai mgeni aliyebisha hodi. Bei hupanda na kushuka, viwanda hununua kwa kuchelewa, na msafiri anayekaa kusikiliza atajua mengi kuhusu uchumi wa Dodoma kuliko atakayopata ofisini.

Kabla ya kukata tiketi yapo majina ya kuangalia, kwa kuwa uwanda huu unarudia majina bila huruma. Chalinze ya mkoa wa Pwani iko mbali sana na Chalinze Nyama ya Chamwino, hii inayosifika kwa nyama ya kuchoma. Chamwino ni wilaya, ni mji wa Ikulu, na pia ni kata ndani ya jiji la Dodoma, hivyo mtu akimwambia dereva wa bajaji "nipeleke Chamwino" anaweza kushushwa uswahilini dakika kumi baadaye. Makutupora ya visima vya maji na kituo cha utafiti wa zabibu iko kaskazini ya jiji. Makutupora ya reli iko magharibi, upande wa Manyoni. Dawa ni kutaja kijiji pamoja na wilaya, au kutaja kituo kinachofuata.

Majira ndiyo yanayoamua mengine yote. Uwanda wa kati una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida Dodoma hupata milimita kati ya 550 na 600 hivi. Kiasi hicho si kidogo sana; ubaya wake ni kuja kwa pupa, mvua mbili kubwa zikifuatwa na wiki tatu za jua. Makorongo yaliyokuwa mchanga mtupu asubuhi hufurika jioni, na kijiji kilicho kilomita kumi nje ya lami hukatika kwa siku kadhaa. Mei hadi Septemba ndiyo miezi ya msafiri. Juni na Julai usiku huwa wa baridi na upepo mkali, jambo ambalo huwashangaza watu wa pwani wanaokuja na shati jepesi, kwa kuwa Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Oktoba na Novemba ni joto, vumbi, na malisho yamekwisha. Hata hivyo Januari ina uzuri wake kwa asiye na haraka: mibuyu iliyosimama uchi miezi saba huvaa majani ndani ya siku chache, na mashamba ya uwele na mtama hufunika ile rangi ya kutu ambayo wengi hudhani ndiyo sura ya daima ya Ugogo.

Wasafiri wa karne ya 19 waliipanga njia hii kwa uangalifu kuliko wa leo, na walikuwa na sababu. Misafara ya Wanyamwezi na ya wafanyabiashara wa pwani, ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ilifuata bonde la mto hadi Mpwapwa, ikapumzika, ikajaza vibuyu. Mbele yake palikuwa na Marenga Mkali, mwendo mrefu wa kichaka kisicho na maji ya kunywa, uliolazimu kutembea hata usiku. Baada ya hapo ilikuwa Ugogo penyewe, ambako kila mtemi alidai hongo kabla ya kuruhusu msafara kuteka maji na kununua nafaka: nguo, ushanga, waya, baada ya mabishano ya siku nzima au mbili. Wazungu kama Burton, Speke na Stanley waliandika kwa hasira juu ya hongo hiyo. Watemi walikuwa na hoja: msafara wa watu mia kadhaa hunywa kisima kikakauka na kununua akiba ya chakula ya kijiji katika mwaka ambao haijulikani mvua itakuja lini. Magharibi zaidi ilikuja Mgunda Mkali, msitu wa kuelekea Unyamwezi. Kiongozi wa msafara aliyekosea mwezi wa kuondoka pwani hakuwa na pa kurekebishia kosa hilo.

Reli ya Wajerumani iliifuata njia ileile ya Mpwapwa kwa sababu bonde la Mkondoa, kupitia Kilosa, ndilo mlango wa asili wa kupandia uwanda. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Mto uliowapa wahandisi mlango haukuwaachia reli salama: kipande cha kati ya Kilosa na Gulwe kimesombwa na mafuriko mara nyingi, na tangazo la kusitishwa kwa treni wakati wa masika si habari mpya kwa wakazi wa Dodoma. Barabara kuu ilikwenda kwingine, kaskazini, kupitia Gairo na Kibaigwa. Jambo hili dogo la jiografia lina uzito kwa mpangaji wa safari: anayetaka Mpwapwa na Gulwe yuko kwenye reli, anayetaka Kongwa na Buigiri yuko kwenye barabara, na njia hizi mbili hukutana Dodoma.

Treni ya umeme ya reli ya kisasa, ambayo watu huiita SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tarehe 25 Julai 2024, ikazinduliwa rasmi Agosti mosi mwaka huo. Imebadilisha hesabu zote. Mwendo uliokuwa wa kutwa kwa basi sasa ni wa saa tatu na nusu hadi nne hivi, kwa kasi inayofika kilomita 160 kwa saa. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000, na treni za haraka zina bei ya juu zaidi. Bei za siku husika zithibitishwe kwa Shirika la Reli Tanzania kabla ya kupanga bajeti. Tiketi hukatwa kwa jina na kitambulisho, na siku za kuelekea sikukuu huisha mapema, kwa hiyo zoea la kufika stendi na kupiga soga na wapiga debe halisaidii hapa. SGR haina kituo Buigiri. Msafiri hushukia Dodoma, kisha hurudi mashariki kwa daladala au basi dogo. Mwenye begi dogo na siku nyingi anaweza kupendelea basi la mchana kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na kumwambia kondakta mapema, tena mara mbili, kwamba anashuka Buigiri. Mabasi ya usiku yalirudishwa mwaka 2023 na yanaokoa gharama ya malazi, lakini kuupita uwanda gizani kunaifuta maana nzima ya safari hii.

Kuhusu malazi, kalenda ya kutazama ni ya Bunge. Bunge la Bajeti huanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni, na mikutano mingine mifupi hufanyika nyakati nyingine za mwaka. Katika siku hizo wabunge, madereva wao, maofisa wa wizara, waandishi wa habari na watu wenye shida zao hujaza Dodoma, na chumba cha gesti hupanda bei bila kuongezewa hata taulo. Agosti, kuelekea tarehe 8, kuna maonesho ya Nanenane katika viwanja vya Nzuguni. Ndiyo maana Buigiri na Chamwino panafaa kuwa kambi: nusu saa hadi saa moja kutoka mjini, gesti za bei ya kijijini, na usingizi. Jiji lenyewe halihitaji zaidi ya siku moja. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa na TANU mwaka 1973, ukasuasua kwa miaka zaidi ya arobaini, kisha ukaenda mbio tangu 2016. Hadhi ya jiji ilitolewa tarehe 26 Aprili 2018. Kati ya Buigiri na mjini, Mji wa Serikali wa Mtumba unaonekana kutoka barabarani, wizara zimesimama mahali palipokuwa pori la miiba juzi tu. Soko la Job Ndugai, karibu na stendi kuu ya Nanenane, ni mahali pazuri pa kununulia karanga, ubuyu na zabibu za njiani.

Kutoka kambi hii zipo njia za kuchagua, na kosa la kawaida ni kutaka kuzimaliza zote kwa juma moja. Ya kaskazini ndiyo yenye faida kubwa. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilikamilika kwa lami na kufunguliwa mwaka 2018; kabla ya hapo basi la Kondoa wakati wa masika lilikuwa kamari. Mabasi ya Arusha huondoka asubuhi na mapema. Lala Kondoa mjini, kisha asubuhi nenda Kolo, kijiji kilicho kaskazini yake kwenye barabara hiyohiyo. Hapo ndipo ilipo ofisi ya michoro ya miambani ya Kondoa-Irangi, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Eneo lote ni kilomita za mraba 2,336 za miinuko na majabali kwenye kingo za Bonde la Ufa, na mapango yenye michoro yaliyoorodheshwa yanazidi 150. Mgeni hujiandikisha, hulipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Kwenda mwenyewe hakuruhusiwi, na wala hakuna faida, maana bila mwongozaji mtu hupita mbele ya mchoro wa miaka elfu asiuone.

Mungomi wa Kolo ndiko wengi huanzia. Kutoka kijijini ni njia ya udongo inayovuka korongo la mchanga, inayofaa bodaboda au gari lenye uwezo, halafu kupanda kwa miguu. Jabali limejikunja juu kama paa la kibaraza. Michoro ya zamani zaidi ni myekundu: watu warefu wembamba kupita kiasi, vichwa vyao vikiwa vimetuna kama vimefumwa nywele au kuvikwa vinyago, pamoja na twiga, tembo na swala waliochorwa na mtu aliyewajua kwa kuwawinda. Kuna kundi moja ambalo kila mwongozaji atalisimulia: mtu mmoja katikati, wawili upande huu na wawili upande ule wakimshika mikono. Mary Leakey, aliyenakili michoro ya Kondoa mwaka 1951 na kuichapisha katika kitabu mwaka 1983, aliona humo mtu anayetekwa. Watafiti wa baadaye wameihusisha na simbo, ngoma ya Wasandawe ambayo mchezaji hupandwa na kuhitaji kushikiliwa. Tafsiri ya pili ina nguvu zaidi, kwa kuwa Wasandawe bado wapo, upande wa Kwa Mtoro na Farkwa wilayani Chemba, wakisema lugha yenye sauti za kualika ulimi. Juu ya michoro myekundu kuna ya rangi nyeupe, minene na ya haraka, kazi ya wakulima waliokuja baadaye.

Mungomi hapajawa makumbusho. Wenyeji Warangi hupanda kufanya tambiko la mvua na la wagonjwa, na msafiri anayekuta majivu au mabaki ya sadaka hayasogezi. Michoro haiguswi, wala haimwagiwi maji ili rangi ing'ae pichani, mtindo uliokwishaharibu kazi za namna hii sehemu nyingi. Njiani kati ya Kondoa na Kolo inafaa kutazama pia ardhi yenyewe. Makorongo yale mekundu ni mabaki ya mmomonyoko uliokuwa maarufu kwa ubaya. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 serikali ikahamisha mifugo yote kutoka eneo lililoathirika. Nyasi na miti vilirudi. Wafugaji waliolipa gharama hiyo wana maoni yao, na wakiulizwa huyasema.

Njia ya mashariki ni fupi: Kongwa, kwa kuacha barabara kuu pale Mbande. Mji ni mtulivu, na mtu asiyejua yaliyopita ataondoka ndani ya saa moja. Mwaka 1947 Waingereza waliuchagua kuwa mwanzo wa mpango wa karanga, uliokusudiwa kuipatia Uingereza ya baada ya vita mafuta ya kupikia. Matrekta na mitambo mikuukuu ya kijeshi ilipigana na vichaka na mibuyu. Mvua haikufuata hesabu zilizotegemea takwimu za miaka michache. Udongo, ukikauka, uligeuka saruji na kusaga majembe. Mpango uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36. Mgogo yeyote angeweza kuwaeleza bure kwa nini babu yake alilima uwele. Kuanzia miaka ya 1960 Kongwa ikapata kazi nyingine, kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na vyama vingine. Samora Machel na Chris Hani ni miongoni mwa waliokaa hapa. Makaburi na baadhi ya majengo yapo, na wazee wanaowakumbuka vijana wale wapo pia, ingawa wanapungua. Mpwapwa, kusini zaidi chini ya milima, ina hali ya hewa ya ubaridi, kituo cha utafiti wa mifugo kilichozalisha ng'ombe aina ya Mpwapwa, na kumbukumbu za misafara. Siku moja inatosha.

Kote huku utaratibu wa kufika kijijini ni uleule. Mgeni anayekusudia kulala au kuzungukazunguka huanzia ofisi ya mtendaji wa kijiji, anaonyesha kitambulisho, anasema shida yake, anaandikwa kwenye kitabu cha wageni. Huo si urasimu wa kumchosha mtu. Ndio unaomfanya mwenyekiti akupe kijana wa kukutembeza, na kesho yake kila mtu anajua wewe ni nani. Salamu ni "mbukwa", na kwa watu wengi "mbukwenyi". Haitolewi mbiombio, kwa sababu kinachofuata ni habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua, na mkubwa huamkiwa kwanza. Ukikaribishwa ugali wa uwele na mlenda, kula. Nyumba ya tembe, ile ndefu yenye paa bapa la udongo na ng'ombe uani, inazidi kupotea mbele ya bati, na aliyebahatika kuingia ndani yake mchana wa Oktoba atagundua kwamba ina ubaridi ambao bati haliutoi.

Maji ya visima vingi yana chumvi. Chai yake huhitaji kuzoewa, na mwenye tumbo jepesi anunue ya chupa. Chandarua kinafaa hata penye mbu wachache. Simu hushika barabara kuu nzima na wakala wa fedha yupo karibu kila senta, ila noti ndogo zibebwe kwa ajili ya bodaboda, sadaka na vijijini ambako wakala ameishiwa. Miwani au kitambaa cha kufunika uso kitashukuriwa mwezi wa tisa, upepo unapoanza kuzungusha vumbi.

Kwa siku saba, mgawanyo wenye akili ni usiku tatu Buigiri au Chamwino, mmoja Dodoma, mbili Kondoa, na siku inayobaki iachwe wazi, kwa kuwa basi litachelewa au mtu atakualika. Kurudi kwa njia uliyojia si lazima. Kutoka Kondoa barabara inaendelea Babati na Arusha. Kutoka Dodoma lami inakwenda Manyoni na Singida, mji wa majabali ya mawe uliokaa kati ya maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai, wenye mafuta ya alizeti na kuku wa kienyeji wanaosafirishwa hadi Dar es Salaam. Toka hapo ni mwendo wa kutwa hadi Mwanza. Anayekwenda Tabora ana basi kupitia Itigi, katika ule uliokuwa Mgunda Mkali, au treni ya reli ya zamani, ya taratibu na isiyo ya kila siku, ambayo ratiba yake huulizwa stesheni siku chache kabla, tena kwa sauti ya upole.